Mwalimu wa Vibuyu na Mawe

Ukitaka kumuudhi Mwalimu, mwambie kwamba watu fulani wa kale walikuwa bado. Bado hawajajua kufinyanga, bado hawajavumbua hiki, bado hawajafikia kile. Alikuwa anaweka kalamu chini, anavua miwani, anakuuliza kwa upole wa kutisha, "Bado kwa nani? Kuna mtu alikuwa anawasubiri?" Niliulizwa swali hilo mbele ya darasa zima, na nilitamani sakafu ipasuke nitumbukie.

Mwanamke huyu tulimwita Mwalimu, basi. Sisi Wakenya tulidhani ni Mtanzania, Watanzania walidhani ni Mkenya, na Warundi wa parokia ya Sharpstown, hapa Houston, walidhani aliwahi kuishi kambini kama wao. Hakumsahihisha mtu. Ukimuuliza kwao ni wapi, alikutajia barabara anayokaa. Yuko hai, na mnisamehe nikisema "alikuwa". Alihama Houston akatuacha, na sisi tuliobaki tumezoea kumsema kama mtu wa zamani.

Zamu za kazini ndizo zilizonikutanisha naye. Nilikuwa nasomea uuguzi, nimebakiwa na somo moja la kuchagua, na somo pekee lililoingia katikati ya zamu zangu lilikuwa lake: maisha ya watu wa milimani na pwani ya Peru kabla ya kutumia vyungu. Peru yenyewe nilikuwa nimeisikia kwenye mpira tu. Siku ya kwanza alimuuliza kila mwanafunzi kilichomleta. Ilipofika zamu yangu nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sababu lafudhi yake ilikuwa imeshamsaliti.

"Mwalimu, sitakudanganya. Nimekuja tu ku-complete credits."

"Vizuri," akasema. "Na wao walikuwa wanatafuta chakula tu. Kaa."

Sheria yake darasani ilikuwa moja. Anza na walichokuwa nacho. Mtihani wangu wa kwanza ulirudi umekatwa kwa wino mwekundu tangu juu mpaka chini, maana kila sentensi yangu ilikuwa inahesabu upungufu: hawakuwa na vyungu, hawakuwa na chuma, hawakuwa na maandishi. Pembeni aliandika, "Hawa uliowaeleza wangekufa siku ya kwanza. Niletee wale walioishi." Nilikasirika sana. Nilitoka kazini nimechoka, miguu imevimba, halafu mtu ananidai watu wa Peru.

Basi nikarudi kitabuni kwa hasira, nikawapata. Walikuwa na pamba, waliyoilima mabondeni kwenye mito inayoshuka toka milimani. Walikuwa na nyavu walizosuka kwa pamba hiyo, na vibuyu vya kuzifanya zielee baharini, vibuyu vya kunywea, vibuyu vya kulia. Walikula dagaa! Nilipofika hapo nilicheka peke yangu chumbani, kwa sababu nilikuwa nimewafikiria kama viumbe wa mwezini, kumbe ni watu wa dagaa. Na walijenga. Walisuka mifuko ya wavu kwa majani, kama kiondo kilichosukwa na mtu mwenye haraka, wakaijaza mawe, wakaibeba mgongoni, wakayaweka mawe ndani ya jengo pamoja na mifuko yake, hawakuyamwaga. Jengo likapanda, mfuko juu ya mfuko, likawa kilima. Mifuko mingine ingalimo humo mpaka leo, imefungwa vile vile.

Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa pwani. Pwani aliifundisha vizuri, kwa haki, kama mama anayempenda mtoto wake wa pili. Mapenzi yake yalikuwa milimani. Huko watu wa zama zile zile walijenga vyumba vidogo, vingine vya duara, vyenye shimo la moto katikati. Waliingia wachache, wakafunga mlango, wakachoma sadaka zao. Sasa, moto katika chumba kilichofungwa utakufa, au utawaua waliomo. Kwa hiyo walichimba mfereji chini ya sakafu, ukapita chini ya ukuta mpaka nje, ili upepo uingie kwa chini na kuulisha moto. Alikuwa anachora chumba hicho ubaoni kila mara, na kila mara kinatoka kama sufuria yenye mkia. Alichora vibaya sana, Mwalimu, na hakuona haya. Akimaliza kuchora alisimama kando akakitazama, na sisi tukajua somo limekwisha hata kama saa haijafika.

Alisema anataka kitu kimoja tu katika maisha yaliyobaki: kupiga magoti katika chumba cha namna hiyo, kutia mkono kwenye mdomo wa mfereji, na kuhisi kama upepo unaingia mpaka leo.

Maana hakuwahi kufika. Huyu mtu aliyeweza kukueleza bonde kwa bonde hakuwahi kukanyaga Peru. Miaka ya mwanzo hakuwa na karatasi za kumruhusu kutoka na kurudi. Alipozipata, alikuwa na binti wa kulea peke yake na madarasa katika vyuo vitatu, anakimbia toka hiki hadi kile na viatu vya kubadilishia ndani ya gari. Kihispania alijifunza barabarani kwa kanda, akakifanyia mazoezi kwa wamama wa mtaa wa Gulfton, ambao walimjibu kwa adabu na hakuna hata mmoja aliyetoka Peru. Siku moja kijana wa darasani, bila ubaya wowote, alimuuliza kama amewahi kwenda.

"Bado," akasema Mwalimu.

Alilisema kwa Kiingereza, lakini neno ni lile lile. Darasa zima likamtazama, naye akaona aibu waziwazi, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Alikuwa amejaa mambo yasiyopatana. Mwanamke aliyetetea maisha bila vyungu alikuwa na jiko lililojaa masufuria mpaka ndani ya oveni, ukitaka kuoka keki lazima uyapange sakafuni kwanza. Wala hakujua kupika. Wali wake ulikuwa unakatwa kwa kisu. Alisifu subira ya watu wa kale, na kwenye barabara kuu aliendesha gari kama mtu aliyeibiwa. Alituhimiza tuonje, tushike, tunuse, lakini tulipompeleka baharini Galveston alikaa garini na madirisha amefunga, akasema chumvi inamharibia nywele. Na alikuwa mkali. Alishawahi kumtoa mgeni wa heshima ukumbini, mtu wa watu, aliyesema kwamba Waafrika tunawaelewa watu wa kale kwa sababu tumetoka huko juzi. Alimshika mkono taratibu, akamsindikiza hadi kwenye gari lake, akamfungulia na mlango.

Kila mwaka, mvua za masika zikipungua, alikuwa na siku ya mawe. Hiyo haikuwa ya chuo. Ilikuwa yake na yetu. Tulikutana uani kwa Mrundi mmoja tuliyemwita Baba Keza, mfanyakazi wa ghala na mwimbaji wa kwaya, mtu mpole kupindukia. Kazi ilikuwa kupika bila chombo cha moto: unapasha mawe katika makaa, unayatumbukiza kwenye kibuyu chenye maji, maji yanachemka, unakoroga uji. Vibuyu Mwalimu alivipanda mwenyewe kwenye uzio wa nyumba yake, vikatambaa mpaka kwa jirani. Taabu ilikuwa mawe. Houston haina mawe. Ni udongo tu, mweusi, wa kunata, ule unaopasua misingi ya nyumba, na Mwalimu aliona hili kama utani aliofanyiwa yeye binafsi. "Nimekuja kufundisha habari za mawe katika mji wa wafinyanzi," alikuwa anasema.

Mwaka mmoja Baba Keza alijitolea kutafuta mawe. Akapata mazuri, ya mviringo, kwa jirani aliyekuwa anabomoa bustani. Na kwa kuwa ni mtu wa heshima, na mawe yataingia kwenye chakula cha Mwalimu, akayaosha. Akayasugua kwa sabuni moja moja, kisha akayaloweka kwenye ndoo siku nzima yatakate. Asubuhi akayatia motoni.

Jiwe la kwanza lilipasuka kwa mshindo uliowafanya majirani watoke nje. La pili likafuata kabla hatujaamua kukimbilia wapi. Kina mama walilala kifudifudi na vitenge vyao, kwaya nzima ilijificha nyuma ya meza ya vinywaji, na kipande kimoja kikaenda moja kwa moja kwenye kioo cha mbele cha gari la Baba Keza mwenyewe. Hakuumia mtu. Mawe yakaisha, moshi ukatulia, na tukamsikia Mwalimu nyuma ya pipa la takataka anacheka.

"Bibi Mwalimu, unisamehe," alisema Baba Keza, karibu kulia. "Mi niliosha vizuri kabisa. Na sabuni. Nikayaacha ndani ya maji siku mzima, juu ya heshima."

"Maji yameingia ndani ya jiwe, Baba Keza. Yakipata moto yanataka kutoka."

"Na wao wa zamani, walijuaje?"

"Wa kwanza alikuwa msafi kama wewe," alisema Mwalimu. "Halafu wakajua."

Jamani tulicheka. Tukatafuta mawe makavu, maji yakachemka kweli, na uji ukaiva ukiwa na majivu. Watu walikunywa kwa fahari. Mwalimu hakuonja hata kidogo. Alikuwa amejinunulia kuku wake wa kukaanga njiani, akamla taratibu akitutazama kwa upendo. Ila nilikuwa nimelisikia jambo jingine. Kile kicheko cha nyuma ya pipa kiliishia kwenye kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi, na mwisho wa pumzi kilikuwa na mlio mkavu ambao naujua. Wakati huo nilikuwa nimeshahitimu, nafanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa mapafu.

Nikiwa hapo wodini, niseme na hili. Tunapopokezana zamu, mazoea ni kutaja mgonjwa kwa yanayomshinda: hawezi kutembea, hawezi kula, hawezi kuongea. Mimi huanza na anachoweza. Anashika mkono. Anamtambua mkewe. Anakunywa kwa mrija. Wenzangu walinicheka mwanzoni, na sasa wengine wanafanya hivyo hivyo, wala hawajui kwamba wamefundishwa na mtu aliyewapenda watu wa Peru. Kama kuna jambo ninalojivunia kazini, ni hilo, na si langu.

Mapafu ya Mwalimu yalikuwa yanakakamaa. Ndivyo madaktari walivyomwambia, na dawa zilikuwa za kuchelewesha tu. Aliacha kufundisha. Na hapo hapo, akiwa ameanza kuhema kwa kupanda ngazi za kanisani, ndipo alipopata nafasi ya kwenda Peru. Binti yake alikuwa na kazi nzuri na nyumba kule Mansfield, mwendo wa saa chache kaskazini, hana shida. Vyuo vilikuwa vimekwisha. Karatasi alikuwa nazo. Jumapili moja baada ya misa alikuja kwangu Missouri City, pembeni mwa Houston, akanywa chai, akanitaka nilete kile kifaa cha kusikilizia kifua.

"Nisikilize. Halafu uniambie kama muuguzi, usiniambie kama mwanafunzi."

Nikamsikiliza, mgongoni, kila upande. Sikupenda nilichosikia.

"Chumba kiko kwenye bonde," akasema. "Bondeni hakuna shida, nitapumua. Ila barabara inapanda kwanza mpaka kwenye theluji, halafu ndiyo inashuka. Ni kule juu tu. Saa chache."

"Ni hizo saa chache zitakazokuua, Mwalimu."

"Una hakika?"

"Pwani nenda. Kaa hata mwezi. Kule juu usipande."

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka kitambo. Nilitamani aniambie kwamba sijui kitu, anikate kwa wino mwekundu kama zamani. Hakubisha. Alisema, "Nimekuuliza, umenijibu," akachukua mkoba wake, na mlangoni akanibusu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Moyo wangu uliuma wiki nzima, ingawa nilijua nimesema kweli.

Kisha akatudanganya. Alimwambia binti yake kwamba anakuja kukaa kwangu Missouri City. Mimi aliniambia anakwenda Mansfield kupumzika. Tuligundua siku binti aliponipigia simu.

"Auntie, can I talk to Mom? Simu yake iko off."

"Mama yako si yuko kwako?"

Nadhani tulielewa kwa pamoja. Nililala sebuleni na simu kifuani mpaka ujumbe ulipoingia: "Nimefika pwani. Dagaa ni wale wale. Msigombane."

Alirudi salama, na safari hii binti hakusikiliza hoja yoyote. Akamhamishia Mansfield moja kwa moja, na sufuria zote. Mimi sikwenda upesi. Naogopa kukuta watu niliowapenda wamepungua, na ni kazi yangu kila siku, lakini kwa huyu nilishindwa. Mwishowe nilipata siku mbili za mapumziko, nikashika barabara kwenda kaskazini, maembe kwenye kiti cha mbele.

Nilimkuta kwenye chumba cha chini, amekaa kitini, mrija wa oksijeni puani. Alikuwa amekonda. Alinitazama juu mpaka chini, akasema nimenenepa, na nikajua ni yeye.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Njoo nikwambie, maana najua unakufa kwa kutaka kuuliza na huna ujasiri."

Akanieleza. Pwani aliiona yote. Alisimama mbele ya jengo la mawe, mlinzi akamruhusu kusogea, na akaona mfuko mmoja umejitokeza ukutani na fundo lake. Alisema fundo lilikuwa la mtu mwenye haraka, na kwamba alimpenda huyo mtu papo hapo. Kisha akakata tiketi ya basi la milimani. Alikuwa ameamua kutonisikiliza. Basi likapanda, likapanda, na mahali fulani, kabla ya theluji, kifua kikakaza na vidole vikawa vya bluu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemgongea dereva. Akashuka kwenye kibanda cha chai, mama mwenye kibanda akamfunika blanketi, na akakaa pale kusubiri gari la kushuka.

"Ulikuwa unaona nini?"

"Malori," akasema. "Malori ya samaki, moja baada ya jingine, yanatoka baharini yanapanda mlimani. Watafiti wamekuta maganda ya chaza wa baharini kule juu, ya zama zile, kabla ya vyungu. Watu wale walikuwa wanapanda nayo kwa miguu. Nikakaa pale na blanketi langu nikawatazama wanapita."

Nilidhani naelewa. Nikasema, kwa ile sauti tunayoitumia kwa wagonjwa, kwamba angalau aliona kitu, na kwamba labda ilitosha.

"Nani kakwambia ilitosha?" alisema, na sauti ilikuwa ile ile ya darasani. "Haikutosha hata kidogo. Nilikitaka chumba changu. Nimekitaka tangu nikiwa msichana. Nililia pale kama mtoto, yule mama akadhani nimefiwa."

Hapo mimi ndiye niliyelia. Binti yake alitokea mlangoni, akatuona, akarudi jikoni kimya. Mwalimu aliniacha nimalize. Alinipa kitambaa cha karatasi, akasubiri, akapumua mara kadhaa kwa taabu kabla ya kusema tena.

"Mapafu yako yakoje?"

"Mazuri, Mwalimu."

"Milima unaipenda?"

"Siipendi kabisa. Naogopa kutazama mabonde toka juu, na kwenye basi natapika."

"Sikukuuliza kwa ajili ya kupenda," akasema. "Mwezi wa saba hakuna mvua kule. Utapiga magoti, utatia mkono kwenye mfereji, utauacha humo mpaka uwe na hakika. Picha usiniletee, picha ninazo. Halafu uje hapa uniambie, na uje upesi."

Nimeomba likizo, nimepewa. Msimamizi wangu aliuliza kama nakwenda nyumbani kuwaona wazazi, nikamjibu nakwenda mbali kidogo, kumshikia mtu kitu. Houston haina hata kilima cha kufanyia mazoezi, kwa hiyo nikitoka zamu napanda ngazi za jengo la kuegesha magari hospitalini, ghorofa kwa ghorofa, nahema, nasimama, na kumlaumu Mwalimu kwa sauti kubwa mpaka nifike juu.